Siku Obokano Iliponyamaza Sironga

Juzi jirani yangu alichoma mabua ya mahindi, na ule mlio wake, pa, pa, pa, ukaniinua kitini kabla sijajua ninakwenda wapi. Wajukuu wangu walicheka. Siwalaumu, hawajawahi kusikia kinamasi kikiungua.

Nilikuwa na miaka minane au tisa hivi, wajomba zetu wakiwa bado vitani katika Keya, jeshi la Waingereza, na kazi yangu nyumbani ilikuwa kuwa macho ya babu. Sokoro, kama tunavyowaita babu zetu huku Gusii, alipofuka kabla sijazaliwa. Kila alasiri nilimshika mkono tukashuka hadi ukingo wa kinamasi cha Sironga, naye amebeba obokano yake, kinubi cha nyuzi nane chenye tumbo pana na sauti nzito inayotetemesha mbavu. Pale hakupiga nyimbo za harusi. Alisikiliza kwanza: vyura, korongo, upepo ukisugua vichwa vya mafunjo. Kisha alizitafuta sauti hizo kwenye nyuzi, moja moja, kwa subira iliyonichosha sana.

"Kinamasi kinasema," aliniambia. "Wewe una haraka tu."

Nilimwamini nusu. Nusu yangu nyingine iliwaza viazi vitamu vilivyofukiwa jivuni.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Siku hiyo mama alikuwa ameingia ndani ya kinamasi kukata mafunjo ya kufumia mikeka, mdogo wangu akiwa mgongoni. Ng'ambo, mtu fulani akachoma nyasi ili ng'ombe wake wapate majani mabichi. Upepo ukageuka.

Babu ndiye aliyejua kwanza. Alizishika nyuzi zisilie, akainua kidevu.

"Vyura wa upande wa chini wamenyamaza," alisema. "Mama yako yuko wapi?"

Ndipo nilipouona moshi ukitambaa juu ya maji, mweupe, halafu mweusi, na mafunjo yakaanza kulipuka kama bunduki. Korongo walipita juu yetu wakilia. Nilimwita mama, kikohozi kikaikata sauti yangu.

Kinamasi kile kilikuwa na njia moja tu ya ardhi ngumu, nayo ilitokea miguuni petu. Ukiikosa unazama hadi kifuani. Babu aliketi pale pale mwanzo wa njia, akaanza kupiga uzi ule mnene peke yake, tena na tena.

"Atakuja kwenye mlio," alisema.

"Sokoro, tuondoke. Moto unakuja."

"Uko umbali gani?"

"Kama kutoka mlangoni kwetu hadi zizini."

"Basi bado kidogo."

Cheche ilimwangukia begani. Nikamvuta; akabaki kama kisiki.

"Niachie mkono, Kerubo. Ninauhitaji."

Nikauachia. Nikakimbia. Sitalipamba jambo hili: nilimwacha kipofu mbele ya moto, nikapanda kilima bila kutazama nyuma. Nilipofika kwenye mawe ya karibu na kilele, mlio wa obokano ukakatika. Nikajua amekufa. Sikurudi. Nilijificha nyuma ya ghala la wimbi, vidole masikioni.

Walikuja pamoja jua likishuka: mama mweusi kwa masizi, mtoto akilia kwa nguvu zake zote, babu amemshika mama bega, mikono yake imebabuka. Baba akaniuliza nilikuwa wapi.

"Nilimtuma kuita watu," babu alisema, kisha akaomba uji.

Sikuwa nimemwita mtu yeyote. Kwa miaka mingi nilidhani uongo ule ndio uliokuwa zawadi yake kubwa kwangu.

Tulipokwisha kumzika babu, nami nikiwa na watoto wangu wawili, mama alinisimulia tukimenya ndizi. Alikuwa amekaribia kutoka kinamasini mlio ulipokatika. Alisimama ndani ya moshi, hajui mguu auweke wapi, mtoto akikohoa mgongoni. Kisha mlio ukarudi. Baadaye alimuuliza mzee, kwa ukali, kwa nini alinyamaza wakati kama ule.

"Alisema alikuwa akisikiliza miguu yako," mama aliniambia. "Alitaka kusikia umeyavuka mawe."

Kumbe nilipokuwa nikimtoroka, yeye alikuwa akinisindikiza kwa masikio hadi juu.