Fataki Nyuma ya Nyumba, Mama Mkwe Akiwepo

Katika mtaa wetu hapa Kibondo, mimi ndiye mtu wa kwanza kurusha fataki zake mwenyewe, nyuma ya nyumba yake mwenyewe, kwa kibali. Nasema hivi mapema kwa sababu wapo wanaodai kwamba wa kwanza alikuwa yule mwenye gereji karibu na soko. Yule alilipukiwa na tairi, na hakukusudia.

Niliondoka hapa na begi moja. Nilirudi na diploma ya umeme, jenereta na mke. Mke wangu ni wa Makere, upande wa Kasulu. Tulikutana Dar es Salaam, kila mmoja akijifanya si mtu wa Kigoma. Nyumba nimeijenga kwa jasho langu, nyaya zote nimezivuta mwenyewe, na mpaka leo hakuna swichi iliyomrusha mtu. Mwaka tuliohamia niliamua kwamba mkesha wa mwaka mpya hautakuwa wa kupiga masufuria na kwenda kulala. Dar es Salaam nilikuwa nikitazama fataki kwa mbali, juu ya hoteli za wengine. Nikaona wakati umefika wa kutazama zangu.

Nilizipata Kasulu mjini, kwa mfanyabiashara mwenye asili ya Tanga ambaye pia huuza mazulia na marashi. Alizishusha kutoka rafu ya juu, akazipangusa vumbi.

"Umewahi kuzirusha?"

"Bado. Lakini nina diploma."

"Ya fataki?"

"Ya umeme."

Alinitazama, akafikiri kidogo. "Haya, ndugu yangu," akasema, na akaniongezea pakiti ya udi bure. "Usiwashie kiberiti. Udi unakwenda polepole, mkono unakaa mbali. Na ukiungua, unaungua unanukia."

Mimi si mtu wa kukurupuka. Nilikwenda polisi kuomba kibali. Askari aliniuliza zinalia kama nini, nikamjibu zinalia kama fataki, akaandika hivyo hivyo. Masharti yalikuwa nimalize mapema na niwaarifu majirani. Nikarudi nyumbani nikafyeka nyuma ya nyumba mpaka udongo ukabaki mtupu. Nilichagua kona iliyo mbali na jiko la nyasi la jirani. Mabomba ya makaratasi magumu ya kurushia fataki niliyachimbia kwenye ndoo za mchanga hadi shingoni, maana bomba likilala, fataki haiendi juu, inamfuata mtu. Nikajaza pipa la maji, nikalowesha magunia, nikaviweka viti vya watazamaji barazani, mbali kuliko maelekezo ya boksi yalivyotaka. Desemba kwetu ni mvua, kwa hiyo kila bomba nililivalisha nailoni. Fataki isiyowaka haitafuatwa wala kuinamiwa. Itasubiriwa, kisha itamwagiwa maji. Na mwenye udi hatakunywa. Mwenye udi nilikuwa mimi.

Walibaki majirani. Hilo nilimkabidhi balozi wetu wa nyumba kumi, mtu makini, naye akapita mlango kwa mlango akitangaza: "Siku ya mkesha kutakuwa na milipuko. Kila mtu atulie nyumbani kwake. Msiogope." Alifika na kwangu. Mimi sikuwepo. Alimkuta mama mkwe akipukuchua maharage.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu mwezi ule ule, baada ya baba mkwe kufariki. Ni raia wa Tanzania na amelima Makere miaka mingi, lakini alizaliwa Burundi. Mke wangu alimbembeleza sana mpaka akakubali kuja. Niliporudi, nilikuta mkeka, sufuria na blanketi vimefungwa mzigo mmoja, na mke wangu amesimama mlangoni.

"Mama anakwenda wapi?"

"Makere."

"Sikukuu hii?"

"Ametangaziwa atulie nyumbani."

"Ndiyo. Ni hatua ya usalama."

"Wewe bwana," akasema, bila hasira, "mama yangu amewahi kuambiwa atulie na asiogope mara moja tu maishani. Ilikuwa redioni, kwao Burundi. Jioni yake walikimbia, wakatokea Mabamba, upande huu wa mpaka, kwa miguu." Akautazama mzigo. "Akitoka hapa leo, harudi tena. Mimi namjua."

Kuahirisha sikufikiria. Nilikuwa na kibali, na mchanga ulikuwa umeshachekechwa. Lakini mke wangu alikuwa na hamu ya kuishi na mama yake tangu tulipooana, na sikutaka nyumba niliyoijenga ijulikane kama ile iliyomfukuza. Ilibidi tuzungumze.

Kwetu mkwe wa kiume hamkabili mama mkwe akapiga naye soga. Yeye alikaa mkekani amenipa bega. Mimi nilisimama upande, nikautazama mpapai. Mke wangu alikaa katikati, akiyabeba maneno ambayo sote tulikuwa tumeshayasikia.

"Mwambie mama hizi ni za furaha."

"Mama, anasema ni za furaha."

"Mwulize, anayerusha anakaa wapi?"

"Mwambie ni mimi. Nitasimama hapa, ananiona."

"Na kinachopanda, kinaangukia wapi?"

Swali hilo polisi hawakuniuliza. Nilifurahi, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. "Mwambie ni majivu na karatasi tu. Vinaangukia kwenye mihogo ya jirani. Nimeshamwomba."

"Mihogo imelowa?"

"Imelowa."

Mama mkwe aliendelea kutazama ukuta. "Mwambie awashe moja sasa hivi, mchana huu. Niuone mkono wake."

Niliwasha moja. Ilifoka, ikapanda, ikalia. Mama mkwe aliushika mzigo wake kwa mikono miwili, na mke wangu akamshika yeye. Juu palibaki kimoshi kidogo cheupe. Alikitazama mpaka kikaisha, akanyanyuka, akaingia kwenye mihogo. Alitoka na kipande cha karatasi iliyoungua, akakigeuza huku na huku.

"Yemwe!" akashangaa kwa Kirundi. "Ni hii tu? Mwulize mumeo amesoma miaka mingapi."

"Mitatu, mama," mke wangu akajibu, ameanza kucheka.

"Kwa hii?"

"Hapana mama, yeye alisomea umeme."

"Aa." Akaketi. Alisema atabaki, ila kabla ya kila moja nipaze sauti mtaa wote usikie. Sauti ya mtu itangulie, ndipo mlio ufuate.

Basi ndivyo tulivyofanya. Siku ya mkesha mvua ilikatika jioni, giza likaingia, nikavua nailoni. Kila mara nilipaza sauti, "Nawashaa!", nikanyoosha mkono wenye udi, nikageuza uso, nikarudi ukutani. Zilitoka nyekundu, zikatoka kijani. Moja ilikataa. Kijana mmoja barazani akaniambia, "Broo, ifuate, ipulize kidogo!" Nikasubiri, nikaimwagia maji. Mama mkwe alikuwa kitini, ameziba masikio, macho wazi.

Ya mwisho ilipozima, waliokuwa barazani walipiga makofi, nami nikayapokea. Lakini upande wa pili wa njia, kwa wazee wenzake mama mkwe, waliokuja kutoka Burundi kama yeye, milango ilikuwa bado imefungwa. Nilikuwa naloanisha mabomba niliposikia sauti yake. Alikuwa akinisemesha mimi, mke wangu yuko jikoni.

"Zimekwisha?"

Nilisahau kutazama pembeni. "Zimekwisha, mama."

"Basi waambie. Sisi wakati ule hakuna aliyetuambia."

Nikasimama njiani nikapaza sauti kuliko mara zote: "Zimekwishaa!" Yeye akaja nyuma yangu akarudia kwa Kirundi, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko yangu. Mlango mmoja ukafunguka, kisha mwingine. Mzee mmoja akamjibu kitu, mama mkwe akacheka mpaka akashika kiuno. Sikuomba tafsiri.

Siku chache baadaye nilitoka nyuma ya nyumba nikamkuta na jembe. Pale nilipofyeka alikuwa ameshapandisha matuta ya viazi vitamu, kutoka ukutani hadi kwenye ndoo za mchanga, na mbegu alikuwa ameomba kwa yule jirani wa mihogo. Aliponiona akanipa bega. Mke wangu alikuwa akimsogezea marando ya kupanda.

"Mama anasema hapa ulipasafisha vizuri," akaniambia. "Anasema ukitaka kurusha tena, urushie mbele ya nyumba."

Nilimwambia amwambie nimesikia.