Kiganja Juu ya Kifuniko

Jirani yangu, mwanamke fundi cherehani, hafunui sufuria mezani mpaka mmoja wa watoto wake watatu amshukuru Mungu. Anavua futi ya kupimia shingoni, kisha anamteua mmoja kwa jicho tu. Aliyeteuliwa huweka kiganja juu ya kifuniko na kuomba bila kujua kilichomo. Akikariri, mama yake humkatiza kwa upole: "Hayo uliyasema jana. Mungu hajayasahau, mpe mapya." Mimi, mzee wa kanisa, nimeomba miaka thelathini jicho moja likiwa kwenye nyama.

Siku fundi aliporuhusiwa kutoka hospitali, baada ya majuma matatu, nilimsindikiza mpaka ndani. Watoto walikuwa wameshinda dirishani wakimngoja. Meza ilikuwa tayari, sahani zimepangwa, hata yangu, sufuria katikati. Akaketi polepole, mkono ukaenda shingoni kuvua futi ambayo hakuivaa. Akamtazama kitinda mimba. Mtoto akaweka kiganja, akashtuka, akawageukia dada zake, nao wakainamisha vichwa: kwa furaha ile, kila mmoja alidhani mwenzake ameshapika. Kiganja hakikuondoka.

"Mungu," akasema, "leo kifuniko ni baridi. Lakini mama yupo. Asante, tumeshiba."

Fundi akafunua sufuria tupu, akachungulia ndani kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua kipande kizuri. Akachukua upawa.

"Amina," akasema. "Haya, leteni sahani."

Wakaleta wote watatu. Nami nikasogeza yangu.