Nyuki wa Katekista na Utatu Mtakatifu

Enzi zetu pale kijijini Ipole, kupata Komunio ya Kwanza hakukuwa mchezo. Tulikaa kwenye magogo nyuma ya kanisa miezi kadhaa, tukikariri katekisimu mpaka ulimi unachoka, tumbo likiwaza viazi vya kuchoma nyumbani. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshashonwa na fundi wa Tabora mjini. Lilitundikwa ukutani, nami kila asubuhi nililitazama kwanza ndipo nikamwamkia baba.

Katekista wetu alikuwa kijana wa mjini, mpole, viatu vyake vikiwa vinang'aa. Alipofikia somo la Utatu Mtakatifu, akaja na sega la asali kwenye sahani. Asali, nta na nyuki, akasema, ni vitatu, lakini mzinga ni mmoja. Alijifurahisha mwenyewe hata akasahau kutuonjesha. Masikini, hakujua anawafundisha watoto wa warina asali. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza: baba akifukiza moshi ili arine, nyuki hukimbia; je, hapo Roho Mtakatifu naye anakuwa ameondoka? Akanitoa nje, akasema Komunio ya mwaka ule niisahau. Mama alinichapa, kisha akalia kwa ajili ya gauni, maana nilikuwa narefuka haraka na mwakani lisingeniingia.

Siku ya mtihani nikaenda hivyo hivyo, nikajipanga mwisho. Padre, mzee wa ndevu nyeupe, akamuuliza kila mmoja maana ya Utatu. Wenzangu wote wakajibu asali, nta, nyuki, hadi mzee wa watu akaanza kujipepea kwa kitabu. Zamu yangu ikafika.

"Mungu ni mmoja, nafsi ni tatu," nikasema. "Inakuwaje, sijui, Padre."

"Hata mimi sijui, mwanangu. Umefaulu."

Wenzangu walirudishwa kwenye magogo wiki mbili. Gauni lilinitosha kwa shida, lakini lilinitosha.

Juzi nilimuuliza mjukuu wangu maana ya Utatu, maana naye yuko kwenye mafundisho ya Komunio. Hata kichwa hakuinua. Kabonyeza simu, kanisomea: maji, barafu, mvuke. Nikasubiri aulize barafu ikiyeyuka inakuwaje. Wapi! Alishahamia kwenye video za muziki. Mimi nilitolewa nje kwa kuuliza, na niliumia kweli. Huyu amekaa ndani kastarehe, hakuna wa kumfukuza, na kwa ajili yake naumia zaidi kuliko siku ile nilipokaa nje peke yangu.