Dakika Kumi na Mbili za Mama Swichi

Dakika kumi na mbili. Si kumi na tatu, wala si "subiri kidogo Mama, dumu linakaribia kujaa." Kisima cha Elifuraha pale Moshono kinatoa maji kwa dakika kumi na mbili, kinanyamaza, na ukikilazimisha pampu inavuta hewa na mota inaungua. Mbili zilishaungua. Ya kwanza aliiunguza mwanawe Eliasi akiangalia mpira. Ya pili aliiunguza Eliasi huyohuyo, safari hii akiwa ameweka alamu kwenye simu, na simu akaisahau garini. Tangu siku hiyo sanduku la swichi lina kufuli, na ufunguo unaning'inia shingoni kwa Elifuraha kwa utepe wa kushonea. Mtaa mzima unamwita Mama Swichi. Anajua. Anasema hajali.

Mara tatu kwa siku anafungua kufuli, anawasha, anaweka kiganja juu ya bomba. Maji yakiwa ya kutosha bomba linanguruma polepole. Yakikaribia kwisha linakohoa. Kikohozi cha kwanza tu, anazima. Hapo amepata ndoo saba, kiangazi tano, na kila ndoo ina mwenyewe. Ng'ombe wawili wa maziwa wanapewa zao kwanza, maana ng'ombe haelewi ukimwambia avumilie. Jikoni ni ndoo mbili kwa siku. Kuoga, ndoo moja kwa watu wawili. Zinazobaki zinapandishwa kwenye simtanki ziwe akiba, na akiba haiguswi hata aje askofu. Katika nyumba ile, kabla hujanawa mikono hakikisha imechafuka kweli.

Na watu wamemchosha, jamani. Kila anayekaribishwa chai anaacha ushauri wa bure. Akina mama wa jumuiya, mashemeji, hadi muuza mkaa, wote wimbo wao mmoja: chimbeni zaidi. Kinara wao ni jirani, Bwana Ludovick, Mrombo mwenye duka la vipuri, ambaye alichimba mita mia na ishirini na maji yakaja ya kumwaga. Kila Jumamosi anaosha gari kwa mpira, anayaacha yatiririke mpaka barabarani, kisha anachungulia juu ya ua.

"Mama Eliasi, bado tunahesabu dakika?"

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," anajibu Elifuraha bila kugeuka. "Na hayo yako, kunywa wewe kwanza nikuone."

Ludovick huishia kucheka. Hayanywi. Ya kunywa ananunua dukani, na hilo Elifuraha analijua vizuri kuliko mke wake Ludovick.

Maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Maji ya chini sana katika eneo lile, kama sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru, yana floraidi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa yanamwingia kwenye meno yangali ndani ya fizi, yanayaunguza humohumo, na yakija kutoka yametoka na madoa ambayo mswaki hauyawezi. Mchimbaji alimweleza wazi miaka tisa iliyopita: mita arobaini ni maji machache lakini mazuri, zaidi ya hapo ni mengi, ila shauri yako. Elifuraha akasema simama hapohapo. Baadaye alipeleka maabara chupa moja ya maji yake na moja ya Ludovick, na majibu ameyahifadhi ndani ya Biblia.

Hakuhitaji hata hayo majibu. Alizaliwa Ngarenanyuki, kwenye mteremko wa mlima huohuo, na meno yake yana rangi ya chai ya rangi tangu yalipoota. Sasa ana miaka sitini na nne na bado anacheka huku kiganja kimeziba mdomo. Kwenye picha ya harusi yake, pale Nkoaranga, ameibana midomo kama bibi harusi aliyemeza nzi. Miaka arobaini alishona sare za shule, na kazi ile aliipenda kwa sababu moja ambayo hakumwambia mtu: mwenye pini midomoni haulizwi mbona hacheki.

Basi mjukuu wake Susana, mtoto wa Eliasi na mkewe Violet, alipozaliwa ndani ya nyumba ile, Elifuraha aliapa kwamba huyu atacheka mpaka jino la mwisho. Kufuli, utepe, jina la Mama Swichi, vyote ni kwa ajili ya mdomo wa yule mtoto. Meno ya utoto yalikuwa meupe, lakini hayo si ya kutegemea. Yanaota mapema na yanang'oka. Yenye kusema kweli ni yanayofuata. Mwezi wa saba, Susana akiwa na miaka sita, jino la kwanza la mbele chini likang'oka. Bibi alilirusha mwenyewe juu ya bati, akahakikisha hakuna mjusi aliyeliona, maana mjusi akiliona, wanasema, jipya halioti.

Wiki hiyohiyo Eliasi akamleta fundi wa pampu, kijana wa Kiarusha anayeitwa Kisioki, bila kumwambia mama yake.

"Shikamoo mama," alisema Kisioki.

"Marahaba. Umekuja kutengeneza au kuharibu?"

"Nimeitwa tu kuangalia kama panaweza kuongezwa mita hamsini."

"Mama, tumechoka," alidakia Eliasi. "Mimi ni mtu mzima, naoga kwa kopo miaka tisa. Hata wakimbizi kambini wanaoga vizuri kuliko sisi."

"Na maji usiyoyafika hujui wingi wake," Kisioki aliongeza, akidhani anasaidia.

"Wingi wake naujua," alisema Elifuraha. Akaachama, akamwonyesha meno yote, ya juu na ya chini, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mgeni. "Naujua kwa haya." Kijana wa watu akaangalia viatu vyake.

Elifuraha alikuwa ameshapanda jazba, na akipanda hashuki upesi. Akamnyooshea kidole Violet, aliyesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Muulize mkeo. Huyu ndiye anayepika, anayefua, anayelea. Miaka yote hii, hata siku moja hajaniomba kopo la ziada. Hata siku moja! Wewe unayeshinda garini ndiye uliyechoka? Sasa nisikilizeni. Mtoto ameng'oka jino. Mngojee lingine liote. Likitoka jeupe, nisisikie tena habari za mita hamsini humu ndani."

Eliasi akasonya kwa ndani, maana kumsonyea mama hadharani hawezi, akamsindikiza fundi. Violet alirudi jikoni na sufuria yake. Elifuraha alimtazama akienda, akajisemea moyoni kwamba Mungu alimnyima kila kitu lakini mkwe alimpa.

Akangoja. Kila asubuhi, baada ya kuzima pampu, alipitisha kidole kwenye fizi ya mtoto. Agosti hakuna kitu. Mwezi wa tisa, kiangazi kimekaza na kisima kimeshuka hadi ndoo tano, Jumapili moja wakijiandaa kwenda kanisani, Susana akaja mbio akiwa na soksi moja.

"Bibi, limetoka!"

Elifuraha alimtoa nje kwenye jua, akamshusha mdomo wa chini kwa kidole gumba. Jino lilikuwepo, dogo, lenye ukingo wa msumeno kama meno mapya yote. Katikati yake ulipita mstari mweupe wa chokaa, na chini ya mstari kulikuwa na doa la rangi ya chai.

Akashika pindo la kanga, akalifuta. Akatia mate, akafuta tena. Doa halikusogea.

"Violet!" aliita.

Violet alitoka, akaangalia mdomo wa mwanawe, kisha akakaa chini palepale, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakusubiri kuulizwa.

"Mama, ndoo mbili hazikutosha. Tangu namwachisha ziwa hazikutosha. Kuna vyombo, kuna nepi, kuna chai ya wageni, na uji wake. Nilimwambia Bwana Ludovick nataka ya kufulia, akawa ananipitishia mpira uani ukiwa jumuiya. Ya uji nilikuwa nachemsha, Mama. Nachemsha mpaka yanabaki nusu. Nilijua yakichemka vile ule ubaya unatoka."

"Hautoki," alisema Elifuraha. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Yanapungua maji tu. Ubaya wenyewe unabaki wote."

"Sikujua."

"Kwa nini hukuniomba?"

Violet alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kila siku ulikuwa unanisifu mbele ya watu kwamba siombi."

Elifuraha alitafuta wa kumkasirikia. Alitaka sana kupata mtu. Akamtafuta Ludovick na mpira wake, akamtafuta Eliasi na mpira wake wa televisheni, akaangalia hata ng'ombe zizini, waliokuwa wameshakunywa ndoo zao nne za asubuhi. Kisha akaenda kwenye simtanki na kuligonga kwa ngumi. Lilikuwa na maji mpaka zaidi ya nusu. Akiba ya kiangazi, nayo kiangazi ndicho hiki.

Alipogeuka, Susana alikuwa amesimama palepale na soksi yake moja, anamtazama bibi usoni, na kiganja ameziba mdomo. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amemwona bibi yake akifanya hivyo maisha yake yote.

"Toa mkono," alisema Elifuraha.

Mtoto akatikisa kichwa.

Elifuraha akachuchumaa, magoti yakilalamika, akaushusha ule mkono taratibu na kuushikilia. Akakaa hivyo mpaka kengele ya kanisa ilipolia mara ya pili, na Eliasi akapiga honi getini akiuliza kwani leo haendi mtu.

Ndipo Elifuraha alipouvua utepe shingoni, akaenda mlango wa jikoni, akautundika ufunguo kwenye msumari, kwa kimo cha Violet.

"Leo ukitoka kanisani fungua bomba la simtanki, ujaze kila chombo ulicho nacho," alisema. "Na pampu ni dakika kumi na mbili. Ukizidisha, utanijua."