Mama Glory Anayepasua Waya Kama Korosho

Saa moja asubuhi sokoni Newala, Paulina Chitanda anachukua waya mpya wa Taipu C, anaulaza mezani na kuukata katikati kwa kisu.

"Haa! Mama Glory, si mali mpya hiyo?" anamaka Dastani, mteja aliyetoka Kitangari kutafuta waya wa kuunganisha laptopu na runinga.

"Tazama ndani. Nyuzi chache tu. Huu wa chaji, picha haupitishi hata ukiuombea dua."

Anakata wa pili. Kichwa ni kilekile, lakini ndani nyuzi zimejaa tele. Dastani anacheka. Mkulima gani wa huku hajaona korosho zikipasuliwa ghalani kabla ya mnada? Gunia kwa nje halionyeshi kitu. Paulina ameihamishia desturi hiyo kwenye nyaya.

Hakuianza kwa kupenda. Mwaka jana alimuuzia Mwalimu Bonifasi wa Chilangala waya wa projekta. Aliamini kinachoingia kwenye tundu kitafanya kazi. Siku ya mkutano wa wazazi, ukuta ukabaki mweupe pee. Mwalimu alirudi amefura, akamwita tapeli mbele ya soko zima.

"Niliumia, we acha tu," anasema mama huyo wa miaka thelathini na sita. "Sikumdanganya. Hata mimi sikujua."

Wateja wakamkimbia. Aliyezoea kuuza nyaya kumi kwa siku akawa anauza mbili. Afunge biashara? Thubutu! Alinunua kifaa cha kupimia. Mzigo ukiingia anapasua waya mmoja hadharani, zilizobaki anazipima na kuzifunga utepe: mwekundu wa chaji, kijani wa mafaili, mweusi wa picha.

"Na matundu ya kompyuta nayo yana mambo yake, mengine hayatoi picha," anaongeza. "Usipokuja na mashine yako, sikuuzii."

Mwezi uliopita alipanda bodaboda mpaka Chilangala bila kuitwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuletea waya wako."

"Marahaba," aliitikia Mwalimu, uso umekunjamana.

Wakauchomeka kwenye projekta, picha ikatokea ukutani. Mwalimu akasema, "Mama Glory, nilikutukana sokoni. Nitakuja kukuomba radhi palepale."

Mpaka leo hajafika.

"Asipokuja, shauri yake," anasema Paulina, akimfungia Dastani waya wenye utepe mweusi. Kuanzia Jumamosi atakuwa akizunguka vijijini na meza yake, awapimie watu nyaya bure kabla hawajapoteza nauli ya kuja mjini.

"Naanzia Chilangala," anasema. "Meza naiweka getini pa shule ya Mwalimu."