Magazini Sita Zisizokaa

Verna Stukel alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna chuma kilichowahi kumshinda. Sinia lililopinda alilinyoosha kwa goti. Mashine ya kuoshea vyombo ikigoma aliipiga kofi la ubavuni ikatii. Ndiyo maana Jumanne ile alasiri, alipoisukuma magazini mpya, kile kikasha cha risasi, ndani ya mpini wa bastola ya marehemu baba yake, akasikia imeshika vizuri, kisha akaona inachomoka yenyewe na kumwangukia kwenye kidole gumba cha mguu, hakuyaamini macho yake.

Aliiokota. Akairudisha, safari hii akaipiga kitako kwa kiganja. Ikakaa. Verna akashusha pumzi. Ikadondoka.

"Mwanaharamu mkubwa!"

"Umeniita?" Gordie, mumewe, aliuliza kutoka ghorofani. Sikio lake moja lilikuwa limebaki kiwanda cha vioo, alikostaafu.

"Sijakuita wewe!"

Bastola yenyewe haikuwa na neno. Mzee Anton Kozar, baba yake, aliinunua enzi zake za kuchimba makaa, akaitunza kama yai, na alipofariki ikamfikia Verna pamoja na magazini moja tu. Kiwanda kilichoiunda kilifungwa siku nyingi. Kwa mtu anayepiga chupa nyuma ya nyumba, magazini moja inatosha. Lakini Verna alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, chini ya kilima cha mabaki ya makaa, na kila Jumamosi kulikuwa na mashindano. Unapiga, unabadilisha magazini, unapiga tena, saa inahesabu. Wenzake walibadilisha kwa kupepesa jicho. Yeye alipiga goti kwenye changarawe, akaanza kujaza risasi mojamoja ndani ya kile kikasha kimoja alichorithi, huku watu wakimtazama.

Na wifi yake, Trudy, hakumwachia nafasi ya kupumua. Trudy alikuwa dada wa Gordie, tarishi wa posta, mwenye bastola mpya yenye mpini wa plastiki na mdomo usiochoka.

"Wifi!" alikuwa akipaza sauti kutoka kwenye benchi. "Unajaza risasi au unafinya pirogi?"

Benchi zima lilicheka kila mara. Verna aliwafinyia pirogi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, watu wa kanisa zima kila Kwaresima, na alikuwa na kasi kuliko mtu yeyote, kwa hiyo utani ule ulimuuma mara mbili.

Basi aliagiza magazini sita kwa posta, za kiwanda kingine kilichojisifu kwamba zake zinaingia bila marekebisho yoyote. Zilipofika, mbili hazikuingia kabisa, rangi yake ilikuwa nene kama siagi kwenye mkate wa mtoto. Verna alizisugua kwa msasa hadi zikaingia. Hapo ndipo alipogundua kwamba kuingia si kukaa.

Alipiga simu kwenye duka alikoziagiza. Akapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya asali.

"Pole sana, mama. Umeisukuma hadi mwisho?"

"Nimeisukuma hadi mwisho wa akili yangu."

"Na unaitumia bastola yenyewe inayotakiwa?"

"Binti, nina hii bastola tangu hujazaliwa."

"Huenda basi tatizo ni bastola, mama."

Verna alikata simu. Alikaa akiitazama ile simu kwa muda, kana kwamba ndiyo iliyomtukana. Kisha akateremka kwenye chumba cha chini, akawasha taa juu ya meza ya kazi, akachukua tupa.

Kwa anayejua, jambo ni dogo. Ubavuni mwa magazini kuna pengo, na ndani ya mpini kuna kilimi cha chuma kinachochomoza na kuingia kwenye pengo hilo, kikaishikilia magazini isianguke. Verna aliichukua magazini ya baba yake, akaipima urefu, upana na mahali pa pengo, akapima na zile sita. Tofauti ilikuwa unywele. Akaamua kuongeza pengo kidogo ili kilimi kizame zaidi.

Magazini ya kwanza aliipiga tupa Jumatano baada ya kazi. Ikashika! Akaitikisa, ikashika. Akaruka jikoni kumwonyesha Gordie, akaweka risasi za mazoezi zisizo na baruti, akavuta sehemu ya juu ya bastola na kuiachia. Risasi ikapiga ukingo wa nyuma wa mtutu ikasimama wima kama mlinzi wa getini. Magazini ilikuwa imekaa chini mno.

"Imeshika lakini," Gordie alisema kwa upole.

"Gordie, nyamaza."

Ya pili aliipiga tupa kidogo kuliko ya kwanza. Ikaanguka. Akaongeza kidogo. Ikaanguka. Akaongeza kidogo sana, kiasi cha kupuliza tu, na ikakaa chini mno kama mwenzake. Alhamisi aliharibu ya tatu, kwa hasira zaidi kuliko kwa tupa. Gordie aliteremka ngazi na gundi ya kuzibia mabomba mkononi, akaiweka kwenye kona ya meza. Verna aliitazama gundi, akamtazama mume. Gordie akaichukua gundi yake akapanda nayo.

Shuleni Ijumaa aliunguza kabichi na tambi kwenye sufuria kubwa, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kinapiga tupa. Alipofika nyumbani akaiharibu ya nne. Hapo akavitia vyote kwenye mfuko, bastola tupu na magazini saba, akaenda kwa Milan Dudash.

Milan alikuwa fundi wa kufuli nyuma ya kanisa, na wawindaji wote wa bonde walimpelekea bunduki zao. Hakuwa mtu wa haraka. Alivaa lenzi kwenye jicho, akazitazama zile nne zilizopigwa tupa, moja baada ya nyingine.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Mh."

"Sema tu, Milan."

"Sijasema kitu." Akaishika magazini ya Mzee Anton, akaigeuza kwenye mwanga, akaikwangua kwa ncha ya bisibisi. Chini ya rangi nyeusi pakameremeta manjano. "Njoo uone. Baba yako alikuwa anachomelea?"

Verna aliinama. Kwenye ukingo wa juu wa pengo palikuwa na tone la shaba, dogo kama punje ya mtama, limelehemiwa na kupigwa msasa hadi likalingana na chuma, kisha likapakwa rangi.

"Kilimi chako ndicho kimelika," Milan alisema. "Na si jana wala juzi. Mzee alijazia magazini badala ya kubadilisha kilimi. Hizi zako mpya hazikuwa na kosa lolote, ukiondoa rangi. Wewe ulikuwa unazilinganisha na kitu kilichokwisha kuchezewa."

Verna alikumbuka majira fulani ya baridi, yeye ana miaka tisa au kumi, baba yake akishinda chumba cha chini wiki nzima akitukana kwa Kislovakia, na mama yake juu akiongeza sauti ya redio ili watoto wasijifunze. Miaka yote alidhani mzee alikuwa amegombana na wakubwa wa mgodi. Kumbe ni hiki! Kilimi hiki hiki.

"Angeweza kuandika kikaratasi," alisema hatimaye. "Mstari mmoja tu. Angeniandikia mstari mmoja!"

Milan alipekua kopo la vipuri vya kale, akapata kilimi kinachokaribia, akakipunguza kidogo na kukifunga. Kisha akachukua magazini moja kati ya zile mbili ambazo tupa ya Verna haikuwahi kuzigusa. Ikaingia kwa mlio mkavu, mtamu. Akaipiga, akaitikisa, akaining'iniza. Haikuteremka hata unywele. Na ya pili vivyo hivyo.

Zile nne zikacheza ndani ya mpini kama meno ya kizee.

"Basi," Verna alisema. "Basi, nitakaa chini kidogo."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Siku tatu! Angekuwa mvivu, mvivu tu kama watu wengine, angekuwa na magazini sita nzima.

Milan akajaribu ile ya mzee. Kwa sababu ya tone la shaba, haikuweza tena kufika kwenye kilimi kipya. "Hii naweza kuikwangua dakika mbili tu."

"Usiiguse."

"Haitaingia, Verna."

"Nimeona haitaingia. Nina macho. We usiiguse tu."

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Verna alisimama kwenye mstari, akapiga, akabonyeza kitufe cha mpini, magazini tupu ikaanguka kwenye changarawe pale ilipotakiwa kuanguka, nyingine ikaingia, akapiga tena. Hakupiga goti. Kutoka kwenye benchi Trudy akasema, "Eh, wifi! Leo umetoka na miguu yote miwili." Lakini raundi ya mwisho ilitaka magazini tatu, naye alikuwa na mbili, na hapo changarawe ikampokea goti lake kama kawaida.

Gordie alikuwa anamsubiri ndani ya gari, na kahawa kwenye chupa.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Safi! Na Trudy?"

Verna alifunga mkanda wa kiti. Alijifuta matope gotini kwa kitambaa, akaangalia mbele.

"Washa gari, Gordie."