Chai ya majani pori ilivyonivua usomi mbele ya mama yangu, Malinya

Wakuu, nawasalimu kutoka Malinya, Ikolomani. Ninayoandika hapa ni ya kweli. Chumvi nimeongeza kidogo tu, ya kulia obusuma, ugali wetu.

Mimi nilimaliza fomu foo kwa masomo ya usiku nikiwa na miaka thelathini na tisa. Biology nikapata C. Tangu siku hiyo hakuna mtu amepumzika hapa kwetu. Kuku akikohoa, natoa lecture.

Sasa akaja coach mmoja wa "herbal tea" kutoka mjini. Gumboots ambazo hazijawahi kuona tope, na simu yenye app ya kutambua majani. Akaelekeza simu kwa mti, app ikasema avokado.

Ulikuwa mpera. Una mapera.

Mimi msomi nikaandika "avokado" kwa notebook.

Tukamfuata kando ya mto, watu saba, tukichuma majani pori. Kanuni yake ilikuwa moja: "Kile ng'ombe anakula, mtu anaweza kunywa." Tukafika kwa kichaka ambacho matawi yake yalikuwa yamekatwakatwa.

"Mnaona? Ng'ombe wamekula hapa mpaka wakashiba. Hii ndiyo ya kutuliza presha."

Wakuu, ni ng'ombe gani anakata tawi mshazari kama panga? Hilo ni swali la darasa la tatu. Mimi mwenye C sikuuliza.

Mama yangu ana presha. Ananywanga tembe za kliniki kila asubuhi, miaka mingi. Coach akasema tembe na majani vinapigana mwilini, kwa hivyo tembe ziwekwe kando wiki mbili. Nilizichukua kwa mkono wangu nikaziweka juu ya kabati.

Mama akaniuliza, "Una uhakika, baba?"

Nikamjibu, "Mama, nimesoma."

Siku ya kwanza ya kunywa ile chai alifagia boma mara nne. Siku ya pili akalima mpaka karibu aingie Khwisero, akarudi akamtukana jogoo. Nikatuma message kwa group ya WhatsApp ya coach: "Inafanya kazi!" Coach akanipigia makofi ya emoji.

Siku ya tatu nikampata ameketi chini mlangoni, jasho linamtoka, mkono kifuani.

"Baba, moyo unanipigia ngoma ya isukuti."

Hapo utani wote ulinitoka. Nikapiga nduru. Mzee Shivachi, jirani yetu anayefuga fahali wa kupigana, akaja mbio. Akaokota kikombe, akanusa mara moja tu.

"Nani amempa mama yako chai ya ndume wangu?"

"Ni herbal, mzee..."

"Herbal gani? Haya majani ni mimi nakatanga pale mtoni! Ndume wangu akinywa, wanaume wanne hawamshiki. Sasa wewe ulitaka mama yako apigane na nani?"

Tukampakia kwa boda mpaka kituo cha afya. Nesi akapima presha, akapima tena, akanitazama.

"Tembe zake ziko wapi?"

Mama ndiye alijibu, kwa sauti ndogo. "Ziko juu ya kabati. Huyu amesoma."

Walimlaza siku mbili ndiyo presha ikashuka. Siku mbili hizo nilikaa kwa benchi, sina lecture hata moja.

Nilimpigia coach. Eti huo ni mwili unatoa sumu, niongeze kijiko. Nilipotaja fahali akakata simu, akanitoa kwa group. Nasikia sasa yuko upande wa Matungu, na gumboots bado ni mpya.

Funzo ni gani? Majani ya porini si adui. Kina kukhu, nyanya zetu, wameyachumanga tangu zamani, lakini walijua kila jani kwa jina, na walijua nani mwingine analikata na kwa kazi gani. Hawakuuliza simu. Na tembe za mgonjwa usiziguse kwa maneno ya mtu asiyejua mpera.

Mama yuko sawa. Tembe anazifunga kwa pindo la leso, analala nazo. Nikimpelekea chai, hata ya majani ya dukani, ananirudishia kikombe.

"Onja kwanza, daktari."

Naonja.

Haya, nani mwingine amewahi kumponya mtu wake hivi? Andika hapo chini, nisibaki mjinga peke yangu.